Wanne Lazima Walie

Saa kumi kasoro dakika tano Tusekile aliitoa mbeleko kwenye msumari, akaizungusha mgongoni juu ya blauzi, akaibana chini ya kifua. Ilikuwa ya baridi kama kawaida yake. Ni utepe mpana wa kitambaa cha kijivu tu, ukiuona dukani ungedhani ni wa kumfungia aliyeumia kiuno. Ila ndani yake mna nyuzi nyembamba ambazo huzioni. Unazihisi tu zikikutafuta uti wa mgongo, polepole, kama vidole vya mkunga.

"Umekula?" aliuliza Mama Gwakisa akiwa mlangoni. Hakuingia. Viatu vyake vya mvua vilikuwa vimebeba matope ya kilima kizima.

"Nimekunywa uji."

"Uji! Watoto watano kwa uji? Mwenzangu, mimi Jumatatu nilikula kande sufuria nzima, na bado nilitoka humo kama nguo iliyokamuliwa."

"Ningekula kande ningezitapika."

"Basi kaa chini, tena usiguse hiyo mashine yako ya kufumia. Mama Tumpe juzi alijifanya hodari, kapika huku amevaa, kaweka chumvi mara tatu. Mzee wake kalala na njaa na mbwa naye kakataa." Mama Gwakisa alicheka, kisha kicheko kikamwishia mdomoni. "Leo ndiyo leo, mama. Ikifika saa moja, watoto wetu wamevuka."

"Wamevuka," Tusekile aliitikia, kama watu wanavyoitikia amina.

Mama Gwakisa ndiye aliyekuwa kijumbe wa mchezo wao. Michezo ya kupokezana ya kina mama wengine pale Tukuyu ilizungusha vyombo, mashuka, hata mabati. Huu wao ulizungusha hofu. Kina mama watano, siku tano za juma: kila mmoja anawabebea wote siku moja, siku nne anapumua. Siku ya Tusekile ilikuwa Alhamisi.

Haikupangwa iwe hivyo. Mbeleko zilipoletwa, kila nyumba yenye mtoto wa darasa la saba ilipewa moja, pamoja na kifungo kimoja. Mtoto anabandika kifungo nyuma ya sikio, mzazi anavaa mbeleko, na miili yao inabadilishana: utulivu wa mzazi unakwenda kwa mtoto, msongo wa mtoto unakuja kwa mzazi. Kikaratasi kilichokuja nayo kilieleza kwa maneno manyoofu. Msongo hauondolewi, ulisema mstari wa pili. Unahamishwa.

Lakini nani anaweza kuhamiwa kila siku ya Mungu, saa tatu nzima, na kesho yake akaamkia kazini? Mwezi wa pili Mama Gwakisa akazipeleka kwa fundi simu mmoja wa pale sokoni, mtu wa maneno machache, naye akazifungua ili kila mbeleko ipokee vifungo vitano. Akauliza, "Niwaandikie majina?" Wakatazamana. Hakuna mama aliyetaka mwenzake ajue mwanawe anaogopa kiasi gani. Leo mnabebeana, kesho mnagombana kisimani, halafu uje uambiwe mbele za watu: kwanza mwanao mwenyewe anakojoa kwa woga. Wakamwambia aache bila majina. Hata mpangilio wa taa wakamwomba auchanganye. Ikawa ndiyo sheria ya mchezo: mzigo huulizwi ni wa nani, wala husemi ulivyokuwa.

* * *

Saa kumi kamili kishikwambi cha Lugano kililia mezani, mlio mmoja mfupi. Mizani, programu ya shule, ilikuwa imefungua kazi za nyumbani.

Lugano alikuwa na miaka kumi na miwili na mikono mirefu isiyojua pa kukaa. Alibandika kifungo nyuma ya sikio bila kumtazama mama yake, akainama. Maswali tisini. Mwaka juzi yalikuwa ishirini. Mizani ilimpima kila mtoto kila jioni, na aliyefanya vizuri leo kesho aliongezewa; kwa hiyo mbeleko zilipokuja watoto wakatulia, walipotulia wakaweza, na walipoweza Mizani ikaona kumbe wanaweza. Ungemlaumu nani? Haikuwa na uso. Ilikuwa na mstari tu, mwekundu, chini ya kioo, na jioni ile ilikuwa ya mwisho kabla hesabu ya mwaka haijafungwa. Atakayekuwa chini ya mstari saa moja ikigonga, jina lake linakwenda mkondo wa pili. Mkondo wa pili hauna sekondari. Una cheti cha kusimamia mashine za watu wengine.

Tusekile alikaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, kando ya mashine yake ya kufumia. Juu ya mashine sweta la shule la kijani lilining'inia bila mkono mmoja. Kwenye ukingo wa mbeleko, chini ya mbavu, taa tano ndogo ziliwaka kijani mojamoja. Akafumba macho akawasubiri.

Mwaka mzima aliwajua watoto wale kwa mwili wake, si kwa majina. Wa kwanza kufika siku zote alikuwa Meno: taya linakaza mpaka masikio yanavuma. Akaja Viganja, jasho la baridi na vidole kufa ganzi. Akaja Tumbo, yule maskini, aliyesokota utumbo kama mtu akamuaye kitambaa cha deki. Akaja Shingo. Tusekile alipumua kama alivyofundishwa kwenye kikaratasi, ndani kwa hesabu ya nne, nje kwa hesabu ya sita, machozi yakimtoka yenyewe. Vumilieni wanangu, alisema moyoni, vumilieni, leo tunamaliza.

Akasubiri wa tano.

Wa tano alikuwa Kifua. Wote waliombeba walimjua, ingawa hawakusema. Kifua alikuja kama jiwe la kusagia lililowekwa juu ya mtu aliyelala. Alhamisi iliyopita Tusekile alimbeba akiwa chali sakafuni, na Lugano alipogeuka kuuliza kama yuko sawa, alimwonyesha dole gumba kwa sababu pumzi ya neno haikuwapo.

Karibu saa nzima ikapita. Meno, Viganja, Tumbo, Shingo. Kifua hakuja.

Akatazama taa. Tano, zote kijani. Kifungo kilikuwa kimebandikwa, na mwenye kifungo alikuwa macho, kwa maana anayesinzia taa yake hugeuka njano. Mtoto alikuwepo. Hofu yake haikuwepo.

Akampigia kijumbe.

"Mama Gwakisa, kuna mmoja simsikii."

"Kwani taa imezimika?"

"Inawaka. Lakini haleti kitu. Yule mzito."

Sheria ilikuwa imevunjwa hapo. Kisha Mama Gwakisa akasema kwa sauti ya chini, "Ah. Yule. Basi si tumshukuru Mungu? Kapona. Wewe unalia nini, umepewa mteremko! Siku zote wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, leo ndiyo umelipata kanda lenyewe."

"Hawezi kupona jioni ya mwisho, dada. Jioni ya mwisho ndiyo anaogopa zaidi."

"Sasa unataka aogope?"

Tusekile alifungua mdomo, akaona jibu lake lilivyo la ajabu. Ndiyo, alitaka aogope.

"Gwakisa yukoje?" aliuliza.

"Huyu hapa. Ametulia kama maji ya mtungini. Swali la thelathini na mbili."

"Na Lugano wangu ametulia. Na Tumpe ukimpigia baba yake atakwambia ametulia. Wote wametulia, Mama Gwakisa. Ndiyo kazi ya hili dude. Tutamjuaje?"

"Tutamjuaje nani? Mama Lugano, vuta pumzi. Zimebaki saa mbili na kitu. Usituharibie."

* * *

Alikuwa na sababu ambayo hajamwambia mtu.

Miaka kumi na saba nyuma, akiwa kidato cha pili, Tusekile aliogopa mtihani kwa miezi minne. Aliogopa mpaka nywele zikamtoka. Halafu asubuhi moja hofu ikakatika, hivi, kama redio iliyoishiwa betri. Akaamka mwepesi. Akafua sare akaianika vizuri, pindo kwa pindo. Akampa mdogo wake kalamu zote na ile rula ya chuma. Mama yake alifurahi: "Leo umeamka na akili, mwanangu." Naye akatabasamu, akatoka, akashika njia ya mtoni. Shangazi yake ndiye aliyekutana naye, anatoka kuchuma chai, akamuuliza tu anakwenda wapi. Tusekile akatafuta jibu, hakuliona. Walisimama hapo barabarani mpaka akaanza kutetemeka.

Tangu siku hiyo alijua jambo ambalo kikaratasi hakikuliandika. Anayeshikilia kamba ndiye ambaye mkono humuuma. Aliyeiachia haumwi na kitu.

Ungemtazama pale mkekani ungeona mwanamke ameketi tu. Kichwani alikuwa akikimbia nyumba tano. Ambokile anakaa na bibi yake kule chini. Gwakisa juu kilimani. Tumpe upande wa stendi. Sekela ng'ambo ya bonde, nusu saa kwa miguu mvua ikinyesha. Lugano hapa. Hata angeweza kuruka kama kunguru akawafikia wote, angekuta nini? Watoto watano wameinama, wamepoa, kila mmoja na utulivu wa Tusekile shingoni mwake. Yule aliyeachia angefanana na wenzake kabisa.

Njia ilikuwa moja. Ukibonyeza taa kwa sekunde tatu, inazimika, na ule msongo wote wa tangu saa kumi unamrudia mwenyewe kwa mkupuo. Haiwashiki tena hadi kesho. Waliotengeneza hawakutaka wazazi wachezee. Mtoto aliyerudishiwa mzigo wake ghafla, katikati ya maswali tisini, ataumia, atalia, huenda akaanguka chini ya mstari. Lakini angalau atalia. Na nyumba yenye mtoto anayelia hupiga simu.

Aligeuza jambo hilo huku na huku akitafuta upande wake mwingine, hakuuona. Ili amjue mmoja asiyelia, wanne lazima walie. Watoto wanne wenye kuogopa bado, wenye kutaka bado, waliobakiza saa mbili tu wavuke. Angalau watatu kati yao si wake hata. Mama zao walimwachia kama unavyomwachia jirani mtoto ukienda msalani: nishikie, narudi.

Na kama amekosea? Kama kifungo kimeharibika tu?

"Mama," Lugano alisema bila kugeuka, kwa sauti ile laini ya mbeleko, "mbona unapumua vibaya?"

"Endelea, mwanangu. Endelea tu."

Kidole chake kilikuwa tayari kwenye taa ya kwanza.

* * *

Meno akamtoka taratibu, taya likalegea mpaka akahisi mate. Dakika haikuisha, simu ikalia. Bibi yake Ambokile.

"Mama Lugano! Umelala huko? Mtoto kashika kichwa analia kama kafiwa!"

"Mkumbatie, bibi."

"Nimkumbatie? Ana maswali hamsini!"

"Mkumbatie tu, bibi yangu. Samahani. Mwambie si kosa lake." Akakata.

Taa ya pili. Tumbo likaachia, fundo moja, fundo la pili, na hapo mezani kalamu ikaanguka.

Lugano aligeuka. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi, mdomo wazi bila sauti, kisha sauti ikaja. "Mama! Mama, sijui, sijui lolote, nimefika la arobaini na sijui lolote!" Akajikunja, mikono tumboni.

Tusekile alimrukia akamkamata. Na Mungu amsamehe, kitu cha kwanza alichohisi kilikuwa furaha. Mwanawe analia. Mwanawe si yule. Akamshika kichwa kifuani, akambusu utosi, akasema, "Lia, mwanangu, lia," naye Lugano akamsukuma kwa viwiko.

"Umezima! Umenizimia! Leo!"

"Mmoja wenu simsikii, Lugano. Lazima nimjue."

"Mimi unanisikia! Si unanisikia?"

"Nakusikia."

"Sasa kwa nini mimi?"

Alimshika kwa mkono mmoja, kwa mwingine akabonyeza taa ya tatu.

Taa ikazimika. Mwilini hakikupungua kitu. Akasubiri. Mvua ilipiga bati. Simu ilikaa kimya mkekani, kioo chake cheusi. Ndiye huyu. Kazimiwa utulivu wa mtu mwingine, na hakuna kilichomrudia. Yuko mahali fulani sasa hivi ameketi na taa imezimika na hata hajashtuka.

Lakini ni nani kati ya watatu waliobaki?

Taa ya nne. Viganja vikapata joto. Simu ikalia kabla hajaishika.

"Mchawi wewe!" Mama Gwakisa alikuwa akilia na kupayuka kwa pamoja. "Mtoto anatapika! Anatapika juu ya kishikwambi! Nilikwambia vuta pumzi, nilikwambia usituharibie!"

"Samahani, dada."

"Samahani ya nini? Mwaka mzima! Mwaka mzima nimembeba huyo wako, nimekubebea, sikusema neno!"

"Najua."

"Hujui!" Nyuma yake Gwakisa alisikika akikohoa. Mama Gwakisa alipoongea tena sauti ilikuwa imekwisha makali, imebaki uchi. "Wamebaki wangapi?"

"Tumpe na Sekela. Mmoja wao namsikia shingoni. Mwingine hayupo."

"Basi nenda katazame! Acha kuzima!"

"Nikienda nitamkuta ametulia, kama ni Tumpe, na ametulia, kama ni Sekela. Na wako pande mbili za mji. Nikikosea njia..."

"Tusekile." Hakuwa amewahi kumwita kwa jina. "Mmoja bado ana saa nzima na zaidi ya kujiokoa. Wetu wamekwenda. Mwache apite hata mmoja. Hata mmoja tu, ili tuseme mchezo ulikuwa na faida."

Tusekile alitazama taa iliyobaki. Kijani, ndogo, punje ya choroko. Shingo yake ilimuuma pale nyuma, maumivu ya mtoto anayejitahidi, anayeinama na kuinama na kutaka. Mtoto yule hakuwa amemkosea mtu. Angemwacha, angevuka. Na siku moja angekuwa daktari, au mwalimu, na asingejua kamwe kwamba jioni moja kidole cha mtu kilimsimamia juu.

"Nisamehe, mwanangu," alisema, hajui anamwambia nani, akabonyeza.

Sekunde kumi. Ishirini. Lugano alikuwa ameacha kulia, anamtazama.

Simu. Baba yake Tumpe: "Mama Lugano, kuna nini? Mtoto kabandua kifungo kakitupa, kajifungia chooni anapiga kelele..."

Tusekile alikuwa tayari amesimama, anaivua mbeleko, inamng'ang'ania mgongoni kama kupe.

Sekela.

* * *

Mama yake Sekela alipokea maziwa kituoni kila jioni, na simu yake iliita mpaka ikachoka. Tusekile alipiga tena akikimbia, tena, akaiweka kwenye blauzi. Njia ilikuwa utelezi mtupu. Lugano alikuwa nyuma yake bila koti.

"Rudi nyumbani! Una dakika sitini bado!"

"Sirudi."

"Lugano!"

"Sirudi, mama! Sekela kanipa mkebe wake wa vifaa."

Tusekile alisimama katikati ya migomba. "Lini?"

"Leo, shuleni. Bikari na vyote. Kasema hana kazi navyo." Lugano alijifuta kamasi na mvua kwa mkono mmoja. "Na Ambokile kampa peni yake ya wino."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeniuliza ningekwambia. Ukivaa kile kitu huwa hatuongei."

Ilimwingia. Hakuwa na muda wa kuisikia ikiingia. Walishuka bonde wakishikana mikono, wakavuka kijito kwa mawe, wakapanda, Tusekile akianguka mara mbili kwa magoti. Giza lilikuwa linaanza na ukungu ulikuwa umeshakaa juu ya chai. Mlango wa nyumba ya kina Sekela ulikuwa umefungwa.

Msichana alikuwa nje, kwenye lango la miti, anarudisha kitanzi cha waya mahali pake kwa uangalifu, kama mtu asiyetaka ndama watoke. Amevaa sweta la shule. Amechana nywele.

"Shikamoo, mama Lugano."

"Marahaba, mwanangu." Tusekile alijilazimisha kutembea hatua za mwisho. "Unakwenda wapi?"

Sekela alifikiri. Uliona akitafuta, kwa adabu, jibu la kumpa mtu mzima. "Sijui," alisema.

Tusekile akaweka mkono juu ya mkono wake, juu ya waya. Ulikuwa mkavu na wa vuguvugu. Haukutetemeka hata kidogo.

"Umeacha maswali?"

"Nimemaliza. Yote tisini." Bila fahari. "Nimepata themanini na nane."

Alikuwa juu ya mstari. Juu sana. Mizani ilikuwa imempa nyota ya kijani na kumpongeza kwa jina, na huenda kule ndani ya nyumba tupu kioo kilikuwa bado kinang'aa pongezi zake. Tusekile akaketi palepale kwenye matope, akamvuta mtoto aketi naye. Sekela akaketi. Angeketi popote ungemwambia.

"Kifungo kimezimika," Sekela alisema. "Mmezima?"

"Nimezima mimi. Nilikuwa nakutafuta. Siku zote ulikuwa unanikaa hapa." Akajigusa kifua. "Leo hukuja."

"Mlijuaje ni mimi? Si hamna majina."

"Wenzako wanne wamelia. Wewe hukulia."

Kwa mara ya kwanza Sekela aligeuza uso. Hakumtazama Tusekile. Alimtazama Lugano aliyesimama kwenye mvua, macho mekundu, amejikumbatia.

"Na wewe umelia?"

"Mimi zaidi," Lugano alisema.

"Wewe hulii. Wewe huwa unafanya tu."

"Nani kakwambia? Mimi tumbo linaniuma kila siku. Nikivua kifungo saa moja naenda chooni nakaa huko. Mama hajui." Akamtupia mama yake jicho. "Alikuwa hajui. Na Ambokile kalia, na Gwakisa katapikia kishikwambi kizima."

"Gwakisa?"

"Kizima."

"Gwakisa anayesema hesabu ni mchicha?"

"Huyohuyo. Na Tumpe kajifungia chooni."

Sekela alibaki ametazama. Midomo yake ilisogea, kama anahesabu: mmoja, wawili, watatu, wanne. "Mimi nilidhani," alianza. "Mimi nilidhani ni mimi tu. Nawaona mmetulia, nikawa nasema mbona wenzangu..." Neno halikuisha. Kidevu chake kilianza kucheza. Alikishika kwa mkono kukizuia, na mkono nao ukaanza, kisha mabega, na Tusekile akamzungushia mikono yote miwili na kumshika kwa nguvu, maana mwili ule mdogo ulikuwa unatetemeka sasa kama bati la nyumba upepo ukija, na kilio kilichotoka kilikuwa kikubwa kuliko mtoto.

Ng'ambo ya bonde saa moja iligonga, milio mifupi kutoka nyumba hadi nyumba, kilima hadi kilima. Mizani ilikuwa inafunga. Lugano alisikiliza, akaja akaketi upande wa pili.

Mama Gwakisa alitokea njiani na tochi, akivuta mtoto wake kwa mkono, anahema, ana maneno ya kutosha wiki nzima. Mwanga wa tochi ukawaangukia wale watatu matopeni. Alisimama. Alisikia kile kilio. Hasira ilimtoka usoni na kitu kingine kikaingia, na mdomo wake ukasema kile ambacho mdomo wa kila mama husema:

"Jamani, mnyamazisheni mtoto."

"Hapana," Tusekile alisema, shavu lake juu ya nywele za Sekela. "Mwacheni. Mwacheni alie."